Viroboto kwa paka na mbwa: kwa nini hurudi baada ya kuogesha, na je, dawa ya josho inafaa?

MamaWatoto_Makorora (Tanga) anauliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu nawaamkia shikamoo.

Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo limeanza kutunyima usingizi hapa nyumbani. Tunaishi Makorora, mjini Tanga, katika nyumba ya kawaida yenye ua wa mchanga nyuma, na ndani ya ua huo tuna mbwa mmoja wa ulinzi, kuku wachache wa kienyeji na paka wawili ambao huingia na kutoka watakavyo. Mmoja wa paka hao amezaa, watoto wake wanakaribia wiki 4, naye amewaweka chini ya kitanda cha wanangu juu ya nguo kuukuu.

Viroboto walianza kuonekana kwa mbwa kuelekea mwisho wa masika. Tulimwogesha kwa sabuni, tukamnyunyizia unga wa kuulia wadudu, na kwa muda mfupi tulidhani kazi imekwisha. Kisha wakarudi wakiwa wengi kuliko awali, na safari hii wamo hata ndani ya nyumba: wanangu wana vipele vya kuwasha kuanzia vifundoni hadi chini ya magoti, na mtu akikaa sebuleni amevaa soksi nyeupe huwaona wakimrukia miguuni. Paka mama anajikuna na kujiuma mgongoni karibu na mkia mpaka manyoya yamenyonyoka, na watoto wake wamenyong'onyea, hawachezi kama nilivyozoea kuona watoto wa paka wakicheza.

Nilipokwenda kwenye duka la dawa za mifugo, muuzaji alinipa chupa ndogo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, akaniagiza nichanganye vifuniko viwili katika ndoo ya maji kisha niwaogeshe mbwa na paka wote kwa pamoja, kwa kuwa kinachoua kupe hakiwezi kushindwa na kiroboto. Chupa ninayo lakini bado sijaifungua, kwa sababu lebo yake ina picha ya ng'ombe, mbuzi na kondoo tu. Je, dawa hiyo inafaa kwa paka? Na kama haifai, nitumie nini, na kwa nini viroboto hawa hurudi kila tunapodhani tumewamaliza? Pia naomba kujua kama kuna hatari kwa wanangu zaidi ya kuwashwa.

TabibuMifugo_Moro (Morogoro) anajibu:

Dada, chupa hiyo usiifungue, na kama inawezekana irudishe dukani. Naanza hapo kabla ya kueleza kitu kingine, kwa sababu viroboto wanaweza kungoja siku mbili tatu, lakini paka aliyeogeshwa dawa ya josho huenda asiifikie kesho.

Dawa za kuogeshea ng'ombe zinazouzwa katika maduka yetu huwa na kemikali za makundi machache: amitrazi, au pairethroidi kama saipamethrini na deltamethrini, au oganofosfati kama klorfenvinfosi. Amitrazi imekusudiwa kupe na utitiri wa ukurutu, haina nguvu ya maana kwa kiroboto, kwa hiyo hata hoja ya muuzaji wako haisimami. Pairethroidi huua kiroboto vizuri, ila humuua na paka. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuzivunja kemikali hizo kama lifanyavyo ini la mbwa au la ng'ombe, hivyo zinabaki mwilini zikisumbua mishipa ya fahamu, na ndani ya saa chache mnyama huanza kutokwa na udenda, kuyumba, kutetemeka na hatimaye kupata degedege. Permethrini, ambayo ni ya kundi hilohilo, imo katika dawa nyingi za matone za mbwa, na kupunguza kipimo chake ili imfae paka ni jambo ambalo hakuna daktari atakayekushauri. Oganofosfati nazo ni sumu kwa wanyama wote, na kwa binadamu pia. Ikiwa kuna msomaji ambaye paka wake ameshapakwa mojawapo ya dawa hizi, amwogeshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, amkaushe, asimwache apate baridi, na amfikishe kwa daktari wa mifugo bila kungoja dalili zitokee.

Sasa nije kwenye swali la kwa nini wanarudi, ambalo kwa maoni yangu ndilo swali lenyewe. Kiroboto anayewasumbua mbwa na paka katika sehemu kubwa ya dunia ni wa aina moja, *Ctenocephalides felis*, ambaye wataalamu humwita kiroboto wa paka ingawa humpanda mbwa vilevile. Akishapata mlo wake wa kwanza wa damu, jike huanza kutaga katika siku moja au mbili, na anaweza kutaga mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayang'ang'anii manyoya. Huteleza na kudondoka popote mnyama alalapo, ajikunapo au apitapo. Yakianguliwa hutoka lava, vijidudu virefu vyembamba visivyo na miguu, vinavyokimbia mwanga na kujificha katika nyufa za sakafu, chini ya mikeka, ndani ya mazulia, na kwenye mchanga wenye kivuli. Chakula chao kikubwa ni kinyesi cha viroboto wazima, ambacho si kitu kingine ila damu iliyokauka inayodondoka pamoja na mayai. Baada ya hapo lava hujifungia katika kifuko cha nyuzi zenye kunata, ambacho hujipaka vumbi na mchanga mpaka kisionekane, na humo ndimo pupa hukua hadi kuwa kiroboto kamili.

Makadirio yanayotumiwa sana katika fani yetu ni kwamba viroboto wazima walio mwilini mwa mnyama ni kama asilimia 5 tu ya wote waliopo katika nyumba iliyovamiwa. Waliobaki ni mayai, lava na pupa, nao wako sakafuni, kwenye matandiko na uani. Kwa hiyo ulipomwogesha mbwa, uliwaua wachache walioonekana ukawaacha wengi wasioonekana. Jambo gumu zaidi ni pupa, kwa kuwa dawa za kupulizia hazipenyi vizuri kwenye kile kifuko, na kiroboto aliyekomaa ndani yake anaweza kutulia kwa miezi kadhaa mpaka ahisi joto la mwili, mtikisiko wa hatua au hewa inayotoka puani mwa kiumbe hai. Hiyo ndiyo sababu watu wanaorudi kwenye nyumba iliyofungwa wakati wa likizo hushambuliwa mara tu wanapoingia sebuleni, ilhali hapakuwa na mnyama yeyote ndani. Katika joto na unyevu wa pwani, mzunguko mzima kutoka yai hadi kiroboto anayeruka unaweza kukamilika katika wiki mbili au tatu, tena kwa mwaka mzima, kwa sababu hamna majira ya baridi ya kuwapunguza.

Kuhusu dawa, tafuta zenye viambato vilivyothibitishwa kwa aina ya mnyama ulionaye. Kwa paka mkubwa, dawa za matone zinazowekwa kwenye ngozi nyuma ya shingo, mahali asipoweza kulamba, zenye fipronili, imidaklopridi au selamektini zinafaa, mradi pakiti iseme wazi kuwa ni ya paka na uzito uwe ule ulioandikwa. Kwa paka anayenyonyesha ningechagua selamektini. Kwa mbwa unaweza kutumia fipronili au imidaklopridi, au vidonge vya kundi jipya zaidi, kama afoksolaneri ambayo hudumu mwezi mmoja na fluralaneri ambayo hudumu wiki 12. Vidonge hivi vina nguvu sana, lakini mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba dawa za kundi lao zinaweza kusababisha mitetemeko na degedege kwa baadhi ya wanyama, kwa hiyo mbwa aliyewahi kupata kifafa asipewe kabla ya kuonana na daktari. Na kwa kuwa watu wengi hufuga sungura pamoja na paka, niseme kwa kupita kwamba fipronili ni hatari kwa sungura. Sindano ya ivermektini, ambayo maofisa mifugo wengi huichoma kwa kila tatizo la ngozi, haiwaondoi viroboto.

Wanyama wote wa nyumba hiyo watibiwe siku moja, hata yule paka asiyejikuna. Baadhi ya wanyama wana mzio wa mate ya kiroboto, nao hunyonyoka manyoya karibu na mkia kama paka wako kwa kuumwa na wachache tu, ilhali wengine hubeba viroboto wengi bila kuonyesha dalili yoyote. Kama una shaka, mchane kwa kitana chenye meno ya karibu juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji: chembe nyeusi zitakazodondoka zikiacha rangi nyekundu kwenye karatasi, hicho ni kinyesi cha kiroboto.

Watoto wa paka ndio wanaonitia wasiwasi kuliko wengine wote. Dawa nyingi za matone haziruhusiwi kwa paka aliye chini ya wiki 8, na mtoto mdogo kiasi hicho anaweza kufa kwa kupungukiwa damu iwapo viroboto ni wengi. Fungua midomo yao utazame fizi. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, wapeleke kwa daktari leo hiihii. Zikiwa na rangi yake, waogeshe mmoja mmoja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, ukianza kwa kuweka povu kuzunguka shingo ili viroboto wasikimbilie usoni, kisha wakaushe kabisa kwa taulo na uwachane kila siku, ukiwatosa viroboto unaowanasa katika bakuli la maji ya sabuni. Ipo fipronili ya kupulizia ambayo huruhusiwa kwa watoto wachanga wa paka, ila kipimo chake hufuata uzito, na kwa mnyama wa gramu mia chache kosa dogo ni kosa kubwa, hivyo mwachie daktari aipime.

MzeeWaMuheza (Muheza) anajibu:

Nimemsoma Daktari kwa makini na sina ugomvi na elimu yake, lakini naona maduka yamewafanya vijana wasahau vilivyoko uani. Sisi tulilea mbwa na paka miaka mingi kwa majivu ya jikoni, majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, na mbwa akizidiwa alipakwa mafuta ya taa kidogo. Wapo pia waliomchanganyia kitunguu saumu katika chakula ili damu yake isiwavutie wadudu. Nauliza kwa nia njema: je, haya yote hayana faida, au hayana faida kwa sababu hayauzwi?

TabibuMifugo_Moro anajibu:

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki, nami sitayatia yote katika kapu moja. Majivu makavu yana kazi, hasa mahali kuku wanapojigaragaza, kwa kuwa hukausha wadudu na kuwapunguzia kuku usumbufu. Uyaweke bandani bila wasiwasi. Maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa yanaweza kunyunyizwa kwenye sakafu ya banda la mbwa, ingawa nguvu yake hutofautiana mno kati ya sufuria moja na nyingine. Mafuta ya mwarobaini yaliyokamuliwa ni jambo jingine, kwa sababu paka hujilamba mwili mzima, na chochote upakacho kwenye manyoya yake umempa anywe.

Mafuta ya taa nayakataa kabisa. Huunguza ngozi, na mnyama akiyalamba kisha yakamwingia mapafuni, hakuna tiba rahisi. Kitunguu saumu pia, pamoja na vitunguu vya kawaida, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na zaidi za paka, kwa hiyo unaweza kumwongezea upungufu wa damu mnyama ambaye tayari ananyonywa na viroboto. Kuhusu kuuzwa na kutouzwa, mzee wangu, sabuni na kitana nilivyovitaja juu havimtajirishi mtu.

Mkaazi_Kisauni (Mombasa) anajibu:

Dada wa Makorora, pole sana. Daktari amemaliza upande wa wanyama, nami ningependa kueleza upande wa nyumba, kwa sababu hapa kwetu Kisauni tuliona kwamba dawa nzuri ya matone bila kazi ya ufagio huchelewesha mambo mno.

Anza na mahali wanyama wanapolala, usianze na sebule. Zile nguo kuukuu chini ya kitanda, zenye mayai na kinyesi cha viroboto, usizikung'ute ndani ya nyumba. Zikunje taratibu ndani ya mfuko, uzitoe nje, na ama uzichome ama uzichemshe. Mpe paka mama kisanduku cha mbao au cha plastiki kinachosuguliwa kwa urahisi, na ndani yake tandika kitambaa kimoja ambacho utakifua kwa maji ya moto na kukianika kila baada ya siku chache. Kitanda cha watoto kiwekwe mbali na hapo, foronya na mashuka yafuliwe, na godoro litolewe juani likiwa limesimamishwa upande mmoja, kisha ligeuzwe upande wa pili.

Jua la pwani ni msaada mkubwa ambao hatulipii. Mayai na lava huhitaji unyevu, na penye hewa kavu na jua la moja kwa moja hawadumu, kwa hiyo mikeka, majamvi, mito ya makochi na zulia vitolewe vyote vianikwe saa za mchana, huku sakafu ikisafishwa ikiwa tupu. Ukiwa na mashine ya kufyonza vumbi itumie kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, hasa pembeni mwa ukuta, chini ya makochi na kwenye nyufa, na yale yaliyomo uyamwage nje mara moja katika mfuko uliofungwa. Asiye na mashine afagie kwa ufagio ulioloweshwa kidogo ili vumbi lisiruke, akusanye takataka zote na kuzichoma, kisha apige deki kwa maji ya moto yenye sabuni. Kufyonza na kufagia kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui: mtikisiko huwaamsha viroboto waliojifungia, wakatoka nje ya vifuko vyao na kukutana na dawa iliyopo kwa mnyama. Kwa hiyo usishangae wala usikate tamaa ukiona wameongezeka katika siku za mwanzo.

Uani, usipoteze nguvu kumwagia dawa mchanga ulio wazi juani, kwani humo hawamo. Watafute chini ya karo la kufulia, chini ya ngazi, nyuma ya pipa la maji, ndani ya kibanda cha mbwa na mahali popote penye kivuli anapopenda kujilaza. Ondoa majani makavu, toa tabaka la juu la mchanga, weka mchanga mwingine mkavu, na ukipenda kupulizia dawa chagua iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyumbani yenye kizuia ukuaji wa wadudu, kama methopreni au piriproksifeni, ambavyo huzuia mayai na lava kuendelea. Soma kilichoandikwa, kwa kuwa dawa nyingi za kupulizia zina permethrini, na paka hawapaswi kuingia mpaka sakafu iwe imekauka kabisa na hewa imepita. Samaki wa tangini wafunikwe au watolewe.

Neno la mwisho kuhusu chupa: tafadhali msihamishie dawa hizi katika chupa za soda au za maji. Nyumba yenye watoto wadogo haihitaji maelezo zaidi kuhusu hilo.

Msambaa_Soni (Lushoto) anajibu:

Dada aliuliza kama kuna hatari kwa watoto zaidi ya kuwashwa, na sisi wa milimani tuna sababu ya kulijibu swali hilo kwa uangalifu. Wilaya ya Lushoto iliingiliwa na tauni mwaka 1980, na ugonjwa huo ukajirudia kwa zaidi ya miaka 20, hata watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakaja kukamata panya na kuhesabu viroboto wao majumbani na mashambani. Viroboto wanaosambaza tauni hasa ni wale wa panya, si hawa wa paka wanaozungumzwa hapa, kwa hiyo sipendi mtu yeyote wa Makorora aogope kwamba vipele vya mwanawe ni tauni.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo tulifundishwa wakati huo na ambalo linafaa kila mahali. Panya akifa, viroboto wake humkimbia wakati mwili unapoanza kupoa, wakatafuta kiumbe mwingine mwenye joto, awe mtu, paka au mbwa. Kwa hiyo katika nyumba yenye panya wengi, tulishauriwa kuwaua viroboto kwanza ndipo panya wauawe, na panya aliyekutwa amekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Paka mwindaji naye anaweza kuambukizwa tauni kwa kumla panya mgonjwa, akamwambukiza mwenye nyumba. Kwa hiyo, katika maeneo yenye historia ya ugonjwa huo, homa kali ya ghafla pamoja na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena au kwapa haipaswi kulazwa nyumbani. Hospitalini ina dawa, na dawa hufanya kazi zaidi mgonjwa akiwahi.

Kwa Tanga mjini ningesema tu: ziba matundu ya panya, usiache pumba za kuku wazi usiku, na endelea na ushauri wa Daktari.

MamaWatoto_Makorora anajibu:

Nawashukuru nyote, na Mungu awalipe. Chupa nimeirudisha, na muuzaji amekubali kunibadilishia kwa dawa ya matone ya mbwa. Fizi za watoto wa paka ni za waridi hafifu, si nyeupe, nao wameshaogeshwa na kukaushwa. Kesho asubuhi nitawapeleka kwa daktari pamoja na mama yao.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Nilipokuwa nikimchana yule paka mwingine, niliona kwenye kingo za masikio yake vidudu vyeusi vidogo vimekaa kwa kundi, haviruki na havitoki hata nikivisukuma kwa kidole, na kuku mmoja ana vidudu kama hivyo kuzunguka macho. Je, hao ni viroboto au ni kupe wadogo? Pili, mtoto wangu mdogo ameniambia kwamba paka mama ana vitu vyeupe vidogo karibu na mkundu, nami nimeviona kweli, vimekauka kama punje za mchele.

TabibuMifugo_Moro anajibu:

Umefanya vizuri kuwachunguza. Kabla ya kujibu, isome pakiti ya hiyo dawa ya matone ya mbwa, na ukikuta neno permethrini, mtenge mbwa na paka mpaka ikauke kabisa, au bora uibadilishe tena, kwa sababu katika nyumba ambamo paka hulala ubavuni mwa mbwa sumu huhama kutoka ngozi moja hadi nyingine. Angalia pia kama ina usajili wa TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, na kama muda wake haujapita.

Vidudu vya masikioni, kwa maelezo yako, karibu bila shaka ni kiroboto mwingine, yule wa kuku, *Echidnophaga gallinacea*. Yeye hana tabia ya kurukaruka: jike huchomeka mdomo wake katika ngozi na kubaki hapohapo kwa siku nyingi akinyonya na kutaga, hasa kwenye upanga na kuzunguka macho ya kuku, na kwa paka na mbwa kwenye masikio. Mayai yake hudondoka katika takataka za bandani, kwa hiyo mwenye kuku na paka pamoja atamtibu paka bila mwisho iwapo banda halijasafishwa. Toa samadi na matandazo yote, uyachome au uyafukie mbali, sugua na kukausha sakafu, uweke matandazo mapya, na mzuie paka asilale bandani. Walio kwenye ngozi wapake mafuta mazito ya kujipaka aina ya vaselini, kisha uwatoe taratibu kwa kibano, ukiwa mwangalifu karibu na macho ya kuku. Mahali walipong'oka pasafishwe. Tazama na nyayo za mbwa, kwa kuwa kwenye mchanga wa namna hiyo mara nyingine huwapo funza, ambao ni jamaa wa viroboto na humwingia mbwa kati ya vidole kama wanavyomwingia mtu asiyevaa viatu.

Zile punje ni vipande vya tegu aitwaye *Dipylidium caninum*. Lava wa kiroboto humeza mayai ya tegu huyo, na paka anapojiuma na kummeza kiroboto aliyekomaa, tegu hukua ndani ya utumbo wake. Dawa yake ni prazikwanteli, nayo hufanya kazi vizuri, lakini paka ataambukizwa tena baada ya wiki chache ikiwa viroboto bado wapo. Mtoto wa binadamu hapati tegu huyu kwa kumgusa paka. Humpata kwa kummeza kiroboto, jambo linalowapata watoto wanaotambaa na wale wanaobusu wanyama. Ukiona vipande kama hivyo katika choo cha mwanao, mpeleke kituo cha afya, kwani matibabu yake ni mepesi. Vipele vya miguuni vioshwe kwa maji na sabuni, kucha za watoto zikatwe fupi, na kipele kitakachotoa usaha kionwe na mganga. Mikwaruzo ya paka ioshwe pia mara moja, kwa kuwa kinyesi cha kiroboto kilicho chini ya kucha za paka kinaweza kubeba bakteria wa homa ya mkwaruzo wa paka.

Kuhusu muda, jiandae kwa miezi 3. Rudia dawa ya matone kila mwezi kama ilivyoandikwa, bila kuruka hata mwezi mmoja kwa sababu tu hujaona kiroboto, maana pupa waliotulia watakuwa wakiendelea kutoka kidogo kidogo, na kila atakayetoka anatakiwa amkute mnyama mwenye dawa kabla hajapata nafasi ya kutaga. Paka wa jirani wanaopita uani watawaletea wengine, kwa hiyo zungumza na majirani ikiwezekana. Baada ya miezi hiyo, kama kitana bado kinaokota viroboto, andika hapa jina la kiambato kilichotumika, uzito wa kila mnyama na tarehe ulizoweka dawa, nasi tutaanza kuchunguza kutoka hapo.